Nyoka Aliyefika Singida kwa Simu

Yeyote aliyepata kuishi Singida kabla ya minara ya simu kusimama juu ya majabali yake anakumbuka kwamba michezo ya mkoa ule ilikuwa na gharama mbili tu, nazo ni wasaa wa mchezaji na aibu ya kushindwa. Bao lilichongwa mara moja likachezwa na vizazi. Drafti ilichorwa juu ya kipande cha ubao, ikapangwa vizibo vya soda, upande huu vimelala kifudifudi na upande ule chali. Na karata zilinunuliwa pakiti moja zikachakaa mikononi mwa mtaa mzima. Hapakuwa na mtu wa mbali, awe wa Dodoma au wa Dar es Salaam, sembuse wa ng'ambo, aliyepata hata senti kwa sababu vijana wawili wa Ikungi au wa Kiomboi wameketi chini ya mti wakicheza. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya namna hali hiyo ilivyogeuka katika muda wa kiasi cha miaka 25, mpaka mchezo ukawa bidhaa inayovuka bahari pasipo meli wala hati ya forodha, na mchezaji wa Singida, asiye na habari, akawa ameandikwa katika madaftari ya matajiri wa Helsinki, Shenzhen na California.

Sharti kwanza nieleze kwamba biashara ya michezo ya kielektroni ilipozaliwa duniani haikuwa na njia ya kupita Singida hata kama ingetaka. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa mpira wa meza uchezwao kwenye kioo. Mwaka 1978 Wajapani wa Taito wakatoa Space Invaders, ambao watu waliucheza kwa kutumbukiza sarafu katika mashine. Mwaka 1983 Nintendo ikaleta mashine ya nyumbani, na mwaka 1994 Sony ikafuata na PlayStation. Kanuni ya mashine hizo za nyumbani ilikuwa ile ya muuza taa anayekuachia taa kwa bei ya hasara kwa kuwa anajua utarudi kwake kila juma kununua mafuta: mashine ilitafutiwa faida ndogo au isiyokuwapo kabisa, na michezo yenyewe ikauzwa ghali, mmoja mmoja. Lakini taa hiyo haikuwaka pasipo televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka huohuo wa 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973. Mwaka 1994 ndio pia kampuni ya Mobitel ilipoanza kuuza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam, kwa bei ambayo mkulima wa alizeti hakuwa na haja hata ya kuiuliza. Hivyo televisheni na simu zilianza safari ya kwenda bara mwaka mmoja, nayo simu, iliyodhaniwa kuwa ya wakubwa peke yao, ndiyo iliyofika katika kila nyumba.

Zilipofika mashine za Sony mjini Singida, zilifika zikiwa mitumba, na hazikuingia majumbani ila katika vibanda. Kijana mwenye televisheni moja, mashine moja na benchi la mbao alitoza wenzake kwa mechi, akiwa na diski zilizonakiliwa ambazo mwenye haki yake hakupata kuzisikia. Fedha yote ilibaki palepale mtaani, ikagawanywa kati ya mwenye kibanda, mwenye fremu na shirika la umeme. Wataalamu wa sheria wataita wizi, na sina hoja ya kuwapinga. Lakini mwandishi wa historia hana budi kuandika kwamba kile kibanda ndicho kilichokuwa duka lote la michezo ya kompyuta katika sehemu kubwa ya bara, na kwamba kampuni zilizoibiwa hazikuwa zimefungua duka jingine la halali ambalo kijana yule angeweza kulikwepa.

Mchezo wa kwanza wa kielektroni uliofika Singida kwa uhalali, katika maelfu ya mikono na pasipo kunakiliwa, ulikuwa ni nyoka. Asili yake ni mashine ya sarafu ya Kimarekani ya mwaka 1976 iliyoitwa Blockade. Lakini aliyemtia nyoka ndani ya simu ni mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, aliyemtengenezea simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Nokia haikumuuza nyoka yule. Ilimtia ndani kama mwenye duka anavyomwongezea mteja kiganja cha mchele juu ya kibaba, ili simu ipendeze, na mwenye kununua simu akawa amekwisha kumlipa pasipo kujua. Mwaka 2003 ikatoka Nokia 1100, ile ya tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ndani yake alikuwamo nyoka wa pili aliyejua kupenya ukuta huu na kutokea ukuta wa pili. Simu ile ilikuwa kama imeundwa kwa ajili ya nchi kavu za katikati ya Tanzania: haikuogopa vumbi, ilimulika zizini usiku, na chaji yake ilikaa siku kadhaa.

Ajabu ni kwamba nyoka, aliyekuwa bure, alikuwa na gharama vijijini ambayo mjini haikujulikana. Palipokuwa hapana umeme, simu ilipelekwa kuchajiwa kwa mwenye sola au jenereta, pengine mwendo wa saa nzima kwa miguu, ikafungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, ikaachwa pamoja na simu za kijiji kizima zilizolala mezani na nyaya zao kama watoto wa bata, na jioni ikafuatwa kwa malipo ya sarafu mbili tatu. Baba aliyerudi nayo hakuwa tayari kuona vijana wanaimalizia chaji kwa kulisha nyoka, ilhali yeye anangoja habari ya bei ya alizeti au ya mgonjwa aliyelazwa Makiungu. Kwa hiyo nyoka alichezwa kwa siri, chini ya shuka, sauti imezimwa, na aliyepata alama nyingi hakuweza kujisifu mbele ya wazee. Ile sarafu ya kuchajia ndiyo ninayoihesabu kuwa ada ya kwanza ya mchezo wa simu katika Singida, na haikwenda Helsinki. Ilikwenda kwa jirani mwenye sola.

Baada ya nyoka zikaja simu zenye rangi, na pamoja nazo michezo iliyoitwa ya Java, ambayo kampuni kama Gameloft ya Ufaransa ziliiuza Ulaya kupitia kampuni za simu, mteja akakatwa katika bili yake. Huku kwetu haikukatwa bili ya mtu. Ilitiwa katika memori kadi na kijana mwenye kompyuta karibu na stendi, pamoja na nyimbo na picha za harusi, kisha ikarukishwa kwa bluetooth kutoka simu hata simu, watu wawili wamesimama wameelekezana simu zao kama wanaowashiana sigara. Sina la kuongeza juu ya zama hizo, kwa maana zilipita upesi.

Mageuzi yenyewe yalianza tarehe 10 Julai 2008, siku Apple ilipofungua duka lake la programu likiwa na programu 500, na Google ikafungua lake Oktoba ya mwaka uleule. Sharti la duka lilikuwa jepesi kulitamka: mwenye kutengeneza mchezo apate sehemu 70 katika 100, na mwenye duka apate 30. Mwanzoni michezo iliuzwa kwa bei ndogo, na Angry Birds wa kampuni ya Rovio ya Finland, waliotoka Desemba 2009, waliuzwa kwa senti 99 za dola wakaitajirisha kampuni yao. Lakini miezi miwili kabla ya ndege hao kuruka, Apple ilikuwa imeruhusu jambo lililopindua biashara nzima, nalo ni kwamba mchezo utolewe bure kisha vitu viuzwe ndani yake. Hapo hekima ya muuza taa ikapinduliwa: taa sasa ni bure na mafuta ya kuanzia ni bure, lakini utakapokuwa katikati ya giza, umebakiwa na hatua moja kufika ulikokuwa unakwenda, ndipo utakapoulizwa kama una fedha.

Mwaka 2012 zikatoka Candy Crush Saga na Clash of Clans, na dunia ikaona maana ya jambo hilo. Katika wachezaji 100 wa michezo ya namna hii, wanaolipa aghalabu hawafiki watano, na katika hao watano mmoja au wawili hulipa fedha za kuwatosha wote. Waliobaki ni umati wa kumpa huyo mmoja watu wa kuwashinda. Kampuni ya King, mwenye Candy Crush, ilinunuliwa kwa dola bilioni 5.9, ununuzi uliokamilika mwaka 2016. Na mwaka huohuo Tencent ya China iliongoza ununuzi wa sehemu kubwa ya Supercell ya Helsinki, mwenye Clash of Clans, kwa dola bilioni 8.6. Nintendo yenyewe ilijaribu Desemba 2016 kumuuza Mario katika simu kwa ile desturi ya zamani, ya kulipa mara moja dola 10 na kumiliki mchezo, na wengi walioupakua hawakulipa. Ilipofika mwaka 2018, watafiti wa biashara hiyo walihesabu kwamba michezo yote duniani iliingiza takriban dola bilioni 138, na zaidi ya nusu yake ilitoka katika simu na tableti, ndiyo kusema kifaa kilichodharauliwa na wachezaji mashuhuri kilikuwa kimezipita mashine za sebuleni na kompyuta zikiwekwa pamoja.

Katika nchi nyingi habari hiyo iliandikwa kama habari ya mtoto aliyempita baba yake. Singida haikuwa hivyo, maana baba hakupata kuwako. Mtu aliyezaliwa Mkalama au Manyoni hakuiacha mashine ya sebuleni akahamia simu. Simu ndiyo mashine yake ya kwanza na ya mwisho, ndiyo kamera yake, redio yake, benki yake na tochi yake, na wanapozungumza wakubwa wa biashara juu ya simu kuwa tawi moja la tasnia ya michezo, kwake yeye tawi hilo ndilo shina.

Njia ya kumfikia ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitia nanga Dar es Salaam ukitoka baharini, mkongo wa taifa ukavutwa kuelekea bara, na kampuni ya Transsion ya Shenzhen ikazijaza nchi za Afrika simu za Tecno na itel, zenye laini mbili na bei ambayo mtu aliweza kuimudu baada ya kuuza kuku kadhaa kwa wachuuzi wa Dar es Salaam. Tangu Aprili 2008 Vodacom ilikuwa imekwisha kuleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na wenzake wakaifuata. Mtu angedhani basi kwamba kila kitu kimekamilika. Lakini maduka ya Apple na Google yalianza kwa kutaka kadi ya benki, na Singida watu waliokuwa na kadi ya kununulia vitu ng'ambo walikuwa ni wa kutafutwa kwa taa mchana. Fedha zimo ndani ya simu, mchezo umo ndani ya simu ileile, na baina yao pana ukuta. Baadaye matundu yalianza kutobolewa katika ukuta huo, mathalan kadi isiyoshikika ambayo kampuni ya simu ya Safaricom iliitoa Kenya pamoja na Visa mwaka 2022. Lakini kwa miaka kumi na zaidi desturi za wachezaji zilijengwa upande mmoja wa ukuta, nazo desturi hazibomoki kwa tangazo.

Nenda leo katika soko la vitunguu la Misuna, pale Singida mjini, saa ambayo lori halijaja. Utamkuta kijana amelalia magunia, kichwa juu ya mkono, simu yenye ufa kwenye kioo ameishika wima, anamkimbiza mtu juu ya reli katika Subway Surfers, mchezo wa Wadenmark wa mwaka 2012. Umtazame vizuri kabla hajaanza: anavuta kioo kutoka juu kwa kidole gumba, anazima data, ndipo anafungua mchezo. Ukimuuliza sababu atakwambia mbili kwa pumzi moja, kwamba bando lisiliwe na kwamba matangazo yasije. Na mchezo wenyewe hakuupakua. Amerushiwa na mwenzake kwa programu ya Xender, kama wale wa zamani walivyorushiana kwa bluetooth. Kitendo kile kidogo cha kidole gumba ndicho ningependa kionwe na wenye makampuni, maana mchezo wa bure huishi kwa mifereji miwili, ununuzi wa ndani na matangazo, na kijana huyu ameiziba yote miwili kabla hajaruka reli ya kwanza. Hata angeliacha data wazi, mtangazaji hulipa macho ya Mmarekani kwa bei iliyo mbali sana na anayolipa macho ya mtu wa Singida, ambaye hatarajiwi kununua gari baada ya kulitazama. Kwa hiyo yule aliyehesabiwa kuwa mteja ni mteja kwa jina. Mtu mmoja wa Hanoi, Dong Nguyen, aliyetengeneza Flappy Bird peke yake na kusemekana mwaka 2014 kuwa anaingiza dola 50,000 kwa siku kwa matangazo tu kabla hajauondoa mwenyewe Februari, yamkini hakuzipata kwa wingi kutoka kwa vijana wa nchi kama yake.

Kuna mchezo mmoja uliokataa kuzimiwa data, nao ni Free Fire wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka 2017. Huo huchezwa na watu hai walio mbali, na sarafu yake huitwa almasi. Yaani mkoa unaopakana na Shinyanga, ambako almasi za kweli za Mwadui zimechimbwa tangu 1940, umejifunza kununua almasi zisizokuwa na uzito wala ung'avu! Kwa kuwa wengi hawana kadi, ukazuka udalali: kijana mwenye njia ya kulipia ng'ambo hutumiwa fedha kwa simu pamoja na namba ya mchezaji, naye humjazia almasi na kubaki na chake. Dalali huyo ndiye mtu wa kwanza Singida kula ujira katika tasnia ya michezo ya dunia tangu zama za vibanda, na sikupata kusikia akitajwa katika mkutano wowote wa uchumi wa kidijiti.

Serikali nayo haikukaa nje ya kadhia hii. Kila kifurushi cha muda wa maongezi na intaneti kimebeba kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Aprili 2021 bei mpya za mabando zilipoanza, kelele za watu zikawa kubwa hata serikali ikaagiza bei za awali zirudi. Tarehe 15 Julai mwaka ule ikaja tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iliyoletwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, ambaye ni mbunge wa Iramba Magharibi, ndani ya mkoa huuhuu. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Na mwaka 2022 sheria ya fedha ikazitoza kampuni za nje zinazouza huduma za kidijiti asilimia 2 ya mapato yao ya hapa. Tozo ya miamala ilimgusa muuza kuku mara moja. Kodi ya asilimia 2 ni ya haki, lakini asilimia 2 ya fedha ambazo hazikuweza kulipwa ni karibu na sifuri.

Lakini kuna wachezaji waliofunguliwa mlango katika ukuta ule tangu siku ya kwanza. Kampuni za kubeti, ambazo ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ziliungana na huduma za fedha za simu moja kwa moja, na mtu wa Kiomboi asiye na kadi wala akaunti ya benki huweka shilingi mia kadhaa juu ya mechi ya Uingereza kwa kubonyeza namba chache. Kumbe basi haikuwa kweli kwamba watu wa bara hawana fedha ya kuchezea, wala kwamba fedha ndogondogo haiwezi kukusanywa kwa simu. Iliwezekana siku zote. Ila kwa mchezo wa bahati, na si kwa mchezo wa akili na vidole. Hilo mimi naliona kuwa kosa kubwa la zama hizi katika jambo hili, kubwa kuliko tozo na kuliko bando.

Majirani zetu hawakungoja. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza mchezo wa kompyuta, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007, kisha mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Na Kampala kampuni ya Kola Studios ikaitia katika simu karata ya mitaani iitwayo Matatu, ambayo Waganda waliijua tangu utotoni. Tanzania ilipata sehemu yake kwa njia nyingine. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, zikiwa na programu za Kiswahili zilizofumwa kama michezo, ili watoto wasiokwenda shule wajifunze kusoma na kuhesabu peke yao. Washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Ubongo ya Dar es Salaam nayo, ambayo vipindi vyake vya Ubongo Kids vilianza 2014, ni shirika lisilotafuta faida. Nawapa wote heshima yao, lakini msomaji aone mwenyewe jambo lililomo: mchezo wa Kiswahili ulipotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, ulilipiwa na zawadi na misaada, haukulipiwa na wachezaji, kwa maana hapakuwa na mahali pa kuwalipishia.

Basi ninalo ombi moja kwa wenye kampuni za simu za nchi hii, na ninaliandika kwa taadhima. Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA Singida atakapomaliza kutengeneza mchezo wa drafti au wa bao kwa lugha yake, akataka kuuza hatua yake ya kumi kwa shilingi 200, mfungulieni mlango uleule mliomfungulia mwenye kubeti, kwa makato yaleyale, na msimwambie akalete kadi ya benki.